Steringi nani, adui nani? Princess Mononoke ilivyozua ubishi Sibwesa

Makamanda, leo matamko yapumzike kidogo. Tuongee movi.

Vijana kadhaa hapa Sibwesa wameiona Princess Mononoke, katuni ya Mjapani Hayao Miyazaki. Ilitoka 1997, ila kwetu imefika juzi, kwa flashi. La kwanza walilosema wengi: kumbe katuni siyo za watoto! Mshale mmoja unang'oa mikono ya mtu, hata hamjakaa vizuri. La pili ndilo lililoleta ubishi: sasa humu steringi nani, adui nani?

Sisi tuliokulia vibanda umiza, Lufufu akitutafsiria, tumezoea kuambiwa mapema. Jambazi akiingia tu unamjua. Hapa sivyo. Kijana Ashitaka anapata laana baada ya kumuua nguruwe pori aliyegeuka shetani, anasafiri kutafuta chanzo, anakuta vita. Upande mmoja yupo San, binti aliyelelewa na mbwa mwitu, pamoja na miungu ya msituni. Upande wa pili mama Eboshi, mwenye mji wa kufua chuma, anakata miti na kuwapiga wanyama risasi. Rahisi kumchukia, eti? Lakini huyo huyo kawatoa wanawake kwenye madanguro akawapa kazi ya kuvukuta moto. Wagonjwa wa ukoma waliokimbiwa na kila mtu, yeye kawapa pa kukaa na kuwafunga vidonda.

Basi wengi wakasema movi haina msimamo. Mimi nabisha. Msimamo upo, ila adui hakuvaa nguo za adui. Mwangalieni Jigo, yule mtawa mcheshi anayekula uji na Ashitaka. Ana barua ya mfalme mkuu inayoruhusu kuwinda mungu wa msitu, kwa sababu mfalme anataka kichwa chake ili asife. Mfalme mwenyewe huoni hata kivuli chake. Nguruwe wanateketea, wafua chuma wanakufa, Eboshi anapoteza mkono. Jigo anamaliza mzima, anacheka!

Hapo ndipo nilipowaza Operesheni Tokomeza ya 2013. Vita ya ujangili, nani angeipinga? Ikaishia kwenye malalamiko ya mateso, vifo na mifugo iliyopotea, ikasitishwa, na Desemba mwaka ule mawaziri wanne wakang'oka. Sawa, lakini aliyepoteza ng'ombe hawezi kukamua uwaziri wa mtu. Na sisi mitaani tunabaki na picha ya askari na ya mwananchi, wawili hao tu, kama vile hakukuwa na aliyeagiza. Angalia pia mkulima na mfugaji wanavyochapana mashambani. Kila mmoja anamwona mwenzake ndiye adui. Aliyewaonyesha wote wawili eneo lile lile kakaa zake mjini, anakunywa soda.

Kuna mwenzetu alisema haya ya miungu ya msitu ni mambo ya Wajapani, hayatuhusu. Ndugu yangu, jina la mkoa wako limetoka wapi? Katabi ni mzimu wa mwindaji ambao Wabende wanasema unakaa kwenye mkwaju, karibu na ziwa lenye jina hilo hilo, ndani ya hifadhi. Watu wamekuwa wakipeleka sadaka pale. Na majirani zetu Wafipa walikuwa wanayeyusha chuma kwa mkaa, kwenye matanuru ya udongo marefu kuliko mtu. Msitu, mzimu, chuma: vyote tulikuwa navyo. Mjapani kachora vya kwake.

Mnaosema mwisho wake umepoa, hapo tuko pamoja. Msitu unachipua tena, Ashitaka anabaki mji wa chuma, San anarudi porini, watakuwa wanatembeleana. Haya, na ile barua je? Kesho mfalme akiandika nyingine, nani atamzuia? Miyazaki hajibu, na kwangu hilo ni pengo la kweli, siyo ujanja wa msanii.

Tutairudia Jumamosi. Ni saa mbili na zaidi, kwa hiyo chaji betri. Sauti ni Kijapani, maandishi Kiingereza, na tuliowahi kusoma Kiingereza cha shule za huku tunajuana. Anayeweza kututafsiria kwa sauti aje, viti vya mbele ni vyake. Mkianza kubishana, anzeni na Jigo.