Tuitaje Nuru Hii?

Wapo wasomi washikiliao kwamba Kiswahili hakina haja ya kujishughulisha na mambo kama polima zitoazo nuru. Kwao, hayo ni ya maabara na ya Kiingereza. Rai hiyo naipinga.

Hebu tutazame mfano. Mkulima wa Mbumbuni, Makueni, atiapo mbolea ya DAP shambani hutia fosforasi. Usiku mwanawe husomea taa ya sola. Aghalabu taa hiyo hutoa mwanga mweupe kwa sababu kijitaa chake cha samawati kimefunikwa poda ya manjano, ambayo Waingereza huiita kwa jina linalokaribiana mno na la fosforasi. Ilhali poda itumiwayo zaidi huundwa kwa itriamu, alumini na oksijeni, fosforasi haimo! Kisa ni neno la Kigiriki lenye maana ya “mbeba nuru”, ambalo lilipewa elementi iliyogunduliwa na Hennig Brand mjini Hamburg mwaka 1669, kwa kuwa iling'aa gizani. Tukikopa bila kuchuja, tutaurithi mkanganyo huo.

Mwaka 1990 watafiti wa Cambridge walitangaza polima itoayo nuru ipitiwapo na umeme. Baadaye wanakemia waliiingiza fosforasi yenyewe katika minyororo ya polima, hasa kwa pete iitwayo fosfoli. Atomu hiyo ina jozi huru ya elektroni. Ikiunganishwa na oksijeni, salfa au dhahabu, rangi ya nuru huweza kubadilika. Hapa fosforasi imo kweli. Je, mwanafunzi atatofautishaje imo na haimo iwapo istilahi ni moja?

Napendekeza poda ile iitwe “unganuru”, polima hizi “polimanuru”, na “fosforasi” ibaki jina la elementi pekee. Atakayeona kasoro na alete maneno bora.

TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, mwaka ule ule wa tangazo la Cambridge. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo ikakifanya Kiswahili lugha rasmi. Hata hivyo, kemia ingali inafundishwa kwa Kiingereza katika shule zetu za upili. Urasmi bila istilahi ni kilemba cha ukoka. Wanachama wa vyama vya Kiswahili na waketi pamoja na wanafunzi wa kemia, waunde maneno haya sasa, kabla mazoea hayajawa sheria.