KUFICHA MARADHI SI KUTAWAKALI



Nakuandikia kutoka Mkunya, huku juu ya uwanda wa Makonde, wilaya ya Newala. Mimi ni mwalimu wa chuo, umri wangu umevuka sitini, na nina neno lililonikaa kooni tangu mwaka 2021. Si vyema mzee ashuke nalo kaburini.

Neno lenyewe ni hili: wakati wa maradhi ya Korona, waganga na wauguzi wetu hawakulemewa na ugonjwa peke yake. Walilemewa na ndimi zetu. Sisi masheikh, sisi wazee wa mji, sisi wenye nyumba, tuliyaficha maradhi, kisha kule kuficha tukakuita tawakkul. Nasema: ile haikuwa tawakkul. Ilikuwa khiyana.

Nianze na nafsi yangu, maana mwenye kuwasuta wenziwe hana budi ajisute kwanza. Mwanzoni mwa mwaka ule alifariki mzee mmoja wa jamaa ya msikiti wetu. Alikohoa siku tisa, pumzi zikamkatika. Wanawe walisema ni pumu, nami nikaitikia ni pumu, ilhali nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake na nilijua kuwa mzee yule hakuwa na pumu maisha yake yote. Akaja muuguzi wa zahanati, binti mdogo, akapiga magoti akaniamkia. Akasema: "Shehe, nakuomba uwaambie watu wasijazane ndani, na wanaoosha wajifunike pua na mdomo." Nikamjibu: "Mwanangu, mambo ya maiti tuachieni wenyewe."

Tukaosha, tukasali, tukazika. Hitima tukaisoma chumbani, mlango umefungwa kwa ajili ya mvua, tukala sinia moja. Hazikutimia wiki mbili, waoshaji wawili wakalala kitandani, na mmoja wao hakuinuka tena. Hapana aliyenilaumu. Wallahi, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa tukumbushane mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kule Arusha. Shule zikafungwa. Tarehe 17 hadi 19 Aprili tuliitwa taifa zima tuombe dua siku tatu, nasi tukaomba. Dua ni ibada, na kuomba hakujawahi kuwa kosa. Kosa lilikuja baadaye. Mwezi Mei hesabu ilisimama kwenye wagonjwa 509 na waliokufa 21, na zaidi ya mwaka mmoja ukapita bila ya wananchi kupewa hesabu nyingine. Watu waliendelea kufa, na kila maiti akapewa jina jingine: pumu, presha, homa ya mapafu.

Utauliza, hesabu inamfaa nini mgonjwa? Inamfaa sana. Mgonjwa wa Mkunya huanzia zahanati. Akizidi hupelekwa hospitali ya wilaya, na akizidi tena hupelekwa Ligula, Mtwara, safari ya kilomita 140 hivi. Mitungi ya oksijeni, dawa, gari na watumishi hupelekwa palipojulikana kuwa pana wagonjwa. Kijiji kilichosema "hapa hapana kitu" hakiletewi kitu. Basi kila nyumba iliyoficha mgonjwa wake ilimnyang'anya jirani haki yake.

Najua hoja zenu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilizisema.

Mlisema: ajali imekwisha andikwa, kuna haja gani ya kukimbia? Basi mkumbukeni Sayyidna Umar (R.A.). Alikuwa njiani kuingia Sham akapata habari kuwa kuna tauni. Akashauriana na masahaba, akaamua kurudi. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwa maana ya kwamba anatoka kwenye kadari ya Mungu na kwenda kwenye kadari ya Mungu. Je, imani ya Umar ilikuwa pungufu kuliko yetu? Na mwaka 2020 Hija yenyewe haikuhudhuriwa ila na watu wachache waliokuwa humo humo Saudia. Makka ilijihadhari, Mkunya ikaona aibu kujihadhari!

Mlisema: kulitaja gonjwa ni kumvunjia heshima marehemu. Aibu gani hiyo, nanyi mmesoma kwamba Muislamu anayekufa kwa tauni huhesabiwa katika mashahidi? Sala ya jeneza ni faradhi ya kutosheleza. Wakiisali wachache imetosha. Na palipo na hatari katika kuosha, wanavyuoni wameitaja tayamamu. Sheria yetu ilikuwa na nafasi. Nyoyo zetu ndizo zilizokuwa finyu.

Mtazameni Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Chama chake kilitangaza wazi kuwa ameambukizwa Korona, wakati ambapo wengi walikuwa wakinong'ona. Alifariki tarehe 17 Februari 2021. Je, heshima yake ilipungua? Bali wangapi walishituka siku ile wakaanza kujihadhari?

Mlisema: chanjo ni hila ya makafiri. Dozi za kwanza 1,058,400 ziliingia nchini Julai 2021, na tarehe 28 mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani. Hata hapo wapo waliozikataa kwa jina la dini. Nami nawauliza mahujaji wetu: je, hamkuchomwa sindano ya homa ya uti wa mgongo kabla ya kupanda ndege? Sindano ya kwenda Hija ni halali, na ya kumlinda mama yako jikoni ni haramu?

Na sikilizeni kisa cha Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, Oktoba 1977. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipopona hakujificha. Miaka ya baadaye alizunguka akiwahimiza wazazi wawapeleke watoto kwenye chanjo ya polio, akiwasimulia kosa lake mwenyewe. Hiyo ndiyo toba yenye kumfaa jirani.

Wala sikuwasahau wenye mamlaka. Mliwaambia watu wanawe mikono kwa maji yanayotiririka, nao wako juu ya uwanda ambako maji hupandishwa kutoka bondeni, na mama hununua ndoo kama anavyonunua unga. Mtu hanawi kwa tangazo. Anayetaka watu wajikinge na awape maji, na muuguzi wake ampe glavu na barakoa kabla ya kumtaka ushujaa.

Lakini ukweli una faida, na tumeiona. Machi 2023 yalipozuka maradhi ya Marburg mkoani Kagera, yalitajwa kwa jina lake mapema, na waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa mmoja mmoja. Watu 6 walikufa, Mungu awarehemu. Tarehe 2 Juni mwaka huo huo ikatangazwa kuwa yamekwisha. Maradhi yale ni makali kuliko Korona, lakini hayakupewa pa kujificha.

Basi ndugu msomaji, likija jingine, nalo litakuja, naomba matatu. Ukiwa na mgonjwa, mtaje kwa zahanati siku ya kwanza. Ukiwa imamu, muuguzi akikuomba neno, lipandishe mimbarini Ijumaa ile ile. Na ukiwa mtawala, usitufiche hesabu ya maiti wetu.

Yule binti yupo bado zahanatini. Nilimwendea nikamwomba msamaha. Akaniambia: "Yamepita, Shehe." Kwake yamepita. Kwangu mimi bado, maana nitaulizwa.

Mwenyezi Mungu atusamehe, awarehemu waliotangulia, na awalipe kheri wanaotuuguza.

Wabillahi taufiq.