Mji wa Brugge na Sanduku la Funguo Nyingi



Kuna desturi moja kati yetu. Mtu akirudi kutoka Ulaya, jioni ile ile majirani wanajaa uani kwake na kumwuliza: umeona nini? Naye anahesabu: majumba, mataa, treni, baridi. Wote wanatikisa kichwa na kusema, "Mzungu ni mzungu." Halafu wanaenda kulala.

Sisi pia tumetoka Ulaya, lakini hatupendi mtu alale kwa maneno yetu. Tulifika katika mji wa Brugge, Ubelgiji, mwisho wa mwezi wa Novemba. Twataka kusema tuliyoyaona, kisha tuulizane swali moja ambalo tulirudi nalo kifuani.

Kwanza hali ya mji. Brugge ni mji wa maji. Mifereji inapita kati ya nyumba kama vile barabara zinavyopita katika site zetu, na juu yake kuna madaraja ya mawe, mafupi, yenye mgongo. Wakati wa jua kali mashua zinabeba wageni tangu asubuhi mpaka jioni. Lakini sisi tulifika wakati majani ya miti yanaanguka. Mashua zilikuwa zimefungwa. Ukungu ulilala juu ya maji hata saa nne za asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja za jioni giza lilikuwa limekwisha kuingia. Mvua yao si kama yetu inayopiga bati na kwisha. Ni mvua ndogo isiyokuwa na haraka, inaingia katika koti pole pole mpaka mifupa inaisikia. Tuliona bata-maji wakubwa weupe wenye shingo ndefu, na mzee mmoja akifagia majani mbele ya mlango wake. Hatutaficha: mji ule ni mzuri. Mtu anayesema uongo juu ya uzuri wa nchi ya wengine hataaminiwa akisema kweli juu ya ubaya wa nchi yake.

Katikati ya mji kuna uwanja wa soko, na juu ya uwanja kuna mnara wa kengele wenye urefu wa mita 83. Tulipanda ngazi zake 366, tukapumzika mara tatu. Juu kabisa kuna kengele 47, na uzito wake wote ni karibu tani 27 na nusu. Kengele ni shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati. Ninyi mnaotumika kwenye tanuru mnajua kazi hiyo kuliko sisi tunaoshika kalamu. Shaba ile si yetu, kwa maana nyingi za kengele hizo zilitengenezwa katika karne ya 18, mbele ya treni ya kwanza kufika Katanga. Lakini tuliposimama chini yake zikapigwa, tulifikiri hivi: shaba ya watu hawa inasikika katika mji wao wenyewe kila robo saa. Shaba yetu inasikika wapi?

Sasa tuingie katika habari yenyewe. Nani alijenga mji huo? Wengine watajibu: wafalme. Sivyo. Mali ya Brugge ilitoka katika mikono ya wafumaji. Manyoya ya kondoo yalikuja kwa meli kutoka Uingereza, watu wa Flandria wakayafuma kuwa nguo nzuri, na wafanya biashara wa Venezia, Genoa, Hispania na Ujerumani wakaja kuzinunua. Palikuwa na nyumba moja ya wageni ya jamaa ya Van der Beurze, ambapo wafanya biashara walikutana kupatana bei. Kwa jina la nyumba hiyo, Wafaransa mpaka leo wanasema "bourse". Kila siku bei ya shaba inapangwa katika bourse huko London, na mtu wa Kolwezi anakula vizuri au vibaya kwa sababu ya bei hiyo. Neno lenyewe lilizaliwa pale, mlangoni mwa nyumba ya kulala wageni.

Lakini wafumaji waliotengeneza mali hawakuwa na neno katika mambo ya mji. Matajiri walitawala, na juu ya matajiri mfalme wa Ufaransa, Filipo wa Nne, aliweka mtawala wake na kodi zake. Mwaka 1302 watu wa kazi walichoka. Mkubwa wao mmoja alikuwa Pieter de Coninck, mfumaji, mtu asiyekuwa na mali, ambaye nguvu yake ilikuwa maneno yake. Mwingine alikuwa Jan Breydel, mwuza nyama. Alfajiri ya tarehe 18 Mei waliwashambulia Wafaransa waliolala katika mji. Hatusifu kuua watu walio katika usingizi, na hatupendi mtu wetu ajifunze jambo hilo. Lakini tarehe 11 Julai mwaka ule ule, karibu na mji wa Kortrijk, walisimama mchana, kwa miguu, wakashinda jeshi la mabwana waliopanda farasi. Baada ya hapo vyama vya wafumaji na vya mafundi wengine vilipata viti katika baraza la mji.

Leo Breydel na de Coninck wamesimama katikati ya uwanja wa Brugge, sanamu mbili juu ya jiwe moja. Tulisoma mwaka: 1887. Tukasimama kimya. Mwaka 1885 Leopold wa Pili, mfalme wa nchi ile ile, alikuwa amejifanya mwenye nchi yetu yote, watu na miti na mawe. Yaani miaka miwili tu baadaye, Wabelgiji walisimamisha sanamu ya mfumaji na mwuza nyama waliokataa bwana kutoka nchi nyingine! Na mwezi wa Desemba 1941, wafanya kazi wa shaba wa Elisabethville walipokusanyika katika uwanja wa mpira kuomba mshahara wa kutosha, walijibiwa kwa risasi. Hatusemi hayo ili kuamsha hasira ya bure. Twasema ili mjue: haki ambayo watu wa Brugge walijivunia nyumbani, watawala wao hawakuipakia katika meli pamoja na bunduki na vitabu vya hesabu.

Tena sikilizeni jambo ambalo kwetu lilikuwa kubwa kuliko yote. Katika mnara ule ule wa kengele, chini ya kengele, kuna chumba cha hazina chenye milango ya vyuma. Humo mji ulitunza barua zake za haki, muhuri na fedha. Sanduku lilikuwa na kufuli nyingi, na funguo ziligawanywa kati ya mkubwa wa mji na wakubwa wa vyama vya kazi. Mtu mmoja hakuweza kulifungua. Hata mtu mwema hakuweza kulifungua peke yake! Ilipaswa wote wafike, kila mtu na ufunguo wake, na kila mtu aone kinachotoka na kinachoingia.

Na fedha zilizotunzwa hivyo zilifanya nini? Nendeni katika vichochoro vya Brugge, mtaona nyumba ndogo nyeupe, zimepangwa kuzunguka bustani. Vyama vya mafundi na watu wenye mali walizijenga kuanzia karne ya 14 kwa ajili ya wazee na wajane. Mfumaji aliyechoka hakutupwa njiani. Na mpaka leo wazee wanakaa ndani yake. Tulimwona mama mmoja mzee dirishani akimenya viazi, katika nyumba iliyojengwa kwa michango ya watu waliokufa zamani sana. Wandugu, jambo hilo lilitugusa kuliko mnara.

Lakini msifikiri kwamba mji huo haukupata taabu. Njia yake ya bahari iliitwa Zwin. Tufani ya mwaka 1134 ilifungua njia hiyo, na mchanga ukaifunga tena, pole pole, mwaka kwa mwaka. Meli zikashindwa kufika. Wafanya biashara wakahamia Antwerpen. Watu hawakusikia kishindo siku moja. Walilala matajiri, watoto wao wakaamka maskini, na wajukuu wakawa ombaomba. Mji ulikaa hivyo karne nyingi. Zile nyumba za zamani ambazo wageni wanalipa leo kuzitazama zilibaki hasa kwa sababu watu hawakuwa na fedha za kuzibomoa na kujenga mpya. Bandari mpya ya Zeebrugge ilifunguliwa mwaka 1907 tu.

Ndugu yangu wa Likasi, wa Kolwezi, wa Lubumbashi, je, hadithi hii ni ya mbali? Katika miaka ya 1980 kampuni kubwa ya serikali ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwisho wa miaka ya 1990 haikufika hata tani 40,000. Mwaka 2003 wafanya kazi zaidi ya 10,000 walirudishwa nyumbani kwa mara moja. Sisi wote tunawajua: ni baba zetu, ni wajomba zetu. Kapita aliyeheshimiwa alianza kuuza makala kandokando ya barabara. Huo ndio mchanga wetu, nao ulifunga njia yetu pole pole, macho yetu yakitazama.

Leo shaba imerudi. Nchi yetu inatoa zaidi ya tani milioni mbili kwa mwaka, na kwa kobalti ni ya kwanza katika dunia yote. Kamyo zinapita usiku na mchana kuelekea mpakani. Wengine wanasema: basi, neema imerudi, tucheze. Sisi twasema: mgodi ni kama maji ya Zwin. Unakuja na unakwenda. Brugge walipoishiwa na bahari walibaki na minara, na nyumba za wazee, na barua za haki. Sisi tutakapoishiwa na mawe tutabaki na nini? Mashimo yaliyojaa maji ya mvua? Hayo nayo yatakuwa mifereji, lakini mgeni hatalipa kuja kuyatazama.

Hili ndilo swali tulilorudi nalo: funguo za sanduku letu ziko mikononi mwa nani? Katika mji, katika chama cha wafanya kazi, hata katika chama cha kusaidiana cha mtaa wenu, ni watu wangapi wanashika ufunguo? Kama ni mmoja, msiseme yeye ni mwizi. Semeni kufuli ni chache. Ongezeni kufuli. Mwekeni mfumaji, mwekeni mwuza nyama, mwekeni mama anayeuza samaki sokoni, kila mtu na ufunguo wake. Na kabla ya kupiga ngoma, jengeni nyumba moja ya mzee mmoja. Halafu ya pili.

Tulitoka Brugge asubuhi, ukungu bado juu ya maji, kengele zikipigwa nyuma yetu. Hatukusema "Mzungu ni mzungu." Tulisema: hawa ni watu waliogombania sanduku lao mpaka wakapata funguo. Nasi tu watu. Haifai kulala.