Hisabati: simu za mfukoni zingekuwa zinafundisha watoto wetu

Mwalimu wa hisabati anasimama mbele ya wanafunzi sitini. Ana chaki, rula ya mbao na ubao uliopauka. Anataka kuonyesha namna mchoro wa y = ax² + bx + c unavyobadilika kila mara namba a inapobadilika. Anachora mchoro wa kwanza, dakika kumi zinapita. Anafuta, anachora wa pili. Kengele inalia. Wanafunzi wamenakili michoro miwili kwenye madaftari yao, lakini hakuna aliyeona kitu chochote kikibadilika.

Mwandishi wa mistari hii alisoma hisabati namna hiyo hapa Lubumbashi. Wadogo zake wanaisoma vilevile hadi leo.

Na kumbe dawa iko karibu, tena haiuzwi. Programu ya GeoGebra ilianzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter, wakati akiwa mwanafunzi katika Chuo kikuu cha Salzburg, inchini Austria. Mwalimu na mwanafunzi wanaitumia bure. Unaandika mlinganyo, mchoro unatokea. Unasogeza kidole, namba a inapanda, mchoro unabana. Namba a inashuka chini ya sifuri, mchoro unageuka juu chini. Kwa dakika moja mtoto anaona kwa macho yake kile ambacho zamani alikariri tu.

Watu wengi watasema: mega zitatoka wapi? Swali ni la haki, kwa sababu mega ni ghali na umeme unakatika ovyo. Lakini GeoGebra ikishaingia ndani ya simu, inachora bila intaneti. Vijana wetu wanapitishiana nyimbo na filamu kutoka simu hadi simu bila kununua hata mega moja. Kinachozuia programu ya hisabati kupita njia hiyohiyo ni nini? Kuna pia Kolibri, ambayo inawekwa kwenye kompyuta moja ndogo ya shule. Wanafunzi wanaunganisha simu zao kwa wifi ya palepale na kufungua video na mazoezi, hata kama intaneti haifiki kwenye kijiji hicho.

Wengine wataogopa udanganyifu. Hofu hiyo tunaielewa, maana simu imeshaharibu mitihani mingi. Hata hivyo, GeoGebra ina sehemu maalum ya mtihani: kwenye simu inataka kwanza mtandao ukatwe, na mwanafunzi akitoka ndani ya programu, alama nyekundu inamshitaki. Halafu si lazima kila mtoto awe na simu. Simu moja ya mwalimu kwa kikundi cha watoto watano inatosha kuanza.

Shida yenyewe ni sisi kutoamua. Katika shule nyingi simu inahesabiwa kuwa kosa la nidhamu, basi. Na kwa kuwa Mtihani wa taifa unamtaka mwanafunzi achague jibu kati ya majibu yaliyoandikwa tayari, wengi wanakesha wakikariri majibu ya miaka iliyopita. Mtoto anaweza kufaulu bila kujua kwa nini.

Serkali ilijua vizuri njia ya kufikia simu zetu ilipotaka kodi. Kwa ajili ya RAM, mwenye simu ya kisasa alikatwa hadi dola 7 kwa mwaka, kabla kodi hiyo haijaondolewa mwaka 2022. Leo tunaomba njia hiyo itumike kwa faida ya mtoto. Wizara iruhusu simu darasani chini ya uangalizi wa mwalimu, na wakaguzi wafundishe walimu kuitumia. Kampuni za simu zifungue kurasa za masomo bila kukata mega. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ilihusu shule za msingi. Kwenye sekondari mzazi bado anatoa pesa mfukoni, na ana haki ya kuona mtoto wake ameelewa somo.

Walimu wasingoje barua kutoka Kinshasa. Mwenye simu ya Android aanze Jumatatu na mlinganyo mmoja tu.

Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na simu hizi zinatengenezwa kwa madini yanayotoka chini ya miguu yetu. Kule Kolwezi, kijana anayejua kuhesabu mteremko wa shimo anaweza kuwa injinia. Asiyejua anabeba gunia. Kati ya hao wawili kuna mwalimu mmoja wa hisabati, na tumemwachia chaki peke yake.