Habari za chuo ni kama perege: zikilala, zinaoza

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kupewa bei: mahindi, maharage, mchele, samaki na hisa. Leo tunaomba radhi, kwani tunaleta bidhaa isiyopimwa kwa mizani wala kuandikwa kwenye ubao wa soko. Ni habari ambazo chuo huziweka kwenye tovuti yake. Msidhani tumepotea njia. Kila mfanyabiashara mwenye mtoto wa kusomesha ni mnunuzi wa bidhaa hiyo, na mara nyingi anauziwa iliyokwisha kuoza.

Tuanzie Nyumba ya Mungu, kwenye bwawa lililo chini ya Milima ya Upare. Perege anayetoka majini alfajiri ana bei yake. Jua likifika utosini na barafu hakuna, bei hiyo si yake tena. Mchuuzi anayempeleka Same, au soko la Mbuyuni mjini Moshi, haulizi bei ya juzi. Anauliza ya leo, tena kwa simu, kabla hajapakia ndoo zake. Akiona soko la samaki mbichi limejaa, anawakausha kwa moshi ili apate siku chache za kupumua. Hakusomea hayo darasani. Hasara ndiyo mwalimu wake.

Mama mmoja wa biashara hiyo, ninayemfahamu, alipatwa na mkasa miaka michache iliyopita. Kijana wake alichaguliwa kujiunga na chuo kimoja cha kati, mkoa wa mbali na Kilimanjaro. Kijana akafungua tovuti ya chuo kwenye simu, akamsomea mama yake kiasi cha ada na tarehe ya kuripoti. Siku zilikuwa zimebaki chache. Mama akauza shehena yake ya samaki wakavu kwa bei ya kutupa kabla ya siku ya gulio, akakusanya fedha, wakapanda basi.

Walipofika wakaambiwa tarehe imesogezwa mbele wiki mbili, ada iliyoandikwa ni ya mwaka uliotangulia, na mabweni yamejaa. Karani hakuwa na ubaya. Alisema tu, "Hiyo ya kwenye mtandao ni ya zamani, mama." Basi wakalala nyumba ya wageni, wakalipa nauli ya kurudi, na baada ya wiki mbili wakalipa nauli nyingine ya kwenda. Mama aliporudi bwawani mtaji ulikuwa umekatika. Wiki ile wenzake walinunua samaki, yeye akawatazama.

Hesabu hiyo haitaonekana kwenye vitabu vya chuo kile. Huko kila kitu ni shwari: tovuti ipo, mkandarasi alilipwa, mgeni rasmi alibonyeza kitufe na picha zikapigwa. Hasara imebebwa na mteja.

KOSA LIKO WAPI?

Wengi hudhani tatizo ni mitambo. Mitambo si tatizo tena. Programu za kuendesha tovuti bila kuwa fundi zimekuwapo kwa zaidi ya miaka 20. WordPress ilitoka mwaka 2003, na Joomla mwaka 2005. Wafanyabiashara wa jumla na rejareja watafurahi kujua kuwa jina la Joomla lilitokana na neno letu la Kiswahili, "jumla", kwa maana ya wote pamoja. Karani anayeweza kuandika barua kwenye kompyuta anaweza kubadilisha tarehe kwenye programu hizo kwa dakika chache, na hazinunuliwi.

Kosa liko kwenye utaratibu wa kazi. Chuo hujenga tovuti kama kinavyojenga bweni. Kamati huundwa, mahitaji yote huandikwa mwanzoni, zabuni hutangazwa, mkandarasi hufanya kazi miezi kadhaa, hukabidhi na kuondoka. Bweni likikabidhiwa linaweza kukaa miaka 30. Tovuti siku inapokabidhiwa ndiyo kwanza inafunguliwa kama duka, na duka linahitaji mtu wa kufagia, kupanga bidhaa na kuondoa zilizoharibika. Mtu huyo hakuajiriwa. Neno la siri la kuingilia analo mtumishi mmoja, naye amehamishwa. Tarehe mpya ya kuripoti inaandikiwa dokezo, linapanda kwa mkuu wa idara, linakwenda kwa mkuu wa chuo, linashuka. Likifika kwa mwenye kompyuta, tarehe yenyewe imekwisha pita.

Bwawa letu lilishatoa somo la ubaya wa habari za zamani. Lilikamilika katikati ya miaka ya 1960, pale maji ya Kikuletwa na Ruvu yanapokutana, hasa kwa ajili ya umeme. Ardhi mpya iliyofunikwa na maji ilikuwa na rutuba, samaki wakazaliana mno, na wavuvi wakamiminika kutoka mikoa mbalimbali. Karibu na mwaka 1970 mavuno yalizidi tani 20,000 kwa mwaka, kisha katika miaka michache yakaporomoka vibaya. Fikiria mtu aliyeuza ng'ombe wake baada ya hapo, akanunua mtumbwi na nyavu kwa kutegemea sifa za mwaka 1970. Alichoambiwa kilikuwa kweli kwa wakati wake. Ukweli uliopitwa na wakati humfilisi mtu sawasawa na uongo.

WEPESI WA KUFANYA KAZI

Dawa ipo, na haikutungwa kwa ajili ya vyuo. Februari 2001, wataalamu 17 wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika azimio fupi. Sisi tuliolelewa na maazimio hatuna haja ya kushtuka, kwani hili halikuwa la siasa. Walisema, kwa ufupi, kwamba watu na mazungumzo yao yatangulizwe mbele ya taratibu na vyombo. Kitu kinachofanya kazi mbele ya makabrasha. Kushirikiana na mteja mbele ya kubishania mkataba. Na kukubali mabadiliko mbele ya kung'ang'ania mpango. Utaratibu huo wanauita ajaili, yaani wepesi.

Kwa vitendo ni hivi. Kazi zote huorodheshwa, yenye manufaa makubwa kwa mteja ikawekwa juu. Timu ndogo huchukua chache za juu na kuzimaliza ndani ya wiki moja au mbili. Kila asubuhi hukutana dakika chache, wamesimama, kila mmoja aseme alichomaliza, anachofanya na kilichomkwamisha. Mwisho wa kipindi huonyesha kazi kwa mtumiaji mwenyewe, hujisahihisha, kisha huanza duru nyingine. Mchuuzi wa Nyumba ya Mungu ataona hakuna jipya hapo. Hanunui samaki wa mwaka mzima. Ananunua ndoo, anauza, anasoma soko, kesho anabadili.

Mfano mkubwa tunao jirani. Oktoba 2005 nchini Kenya, Safaricom na Vodafone walianza majaribio ya huduma ya simu iliyokusudiwa kuwawezesha wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao. Wateja wa majaribio hawakufika 500. Waendeshaji wakawatazama, wakakuta watu wanaitumia kwa mambo mengine: wanatumiana fedha, wanalipana, wanaweka fedha kabla ya safari ili wasiibiwe njiani. Wangeweza kusema hayo hayamo kwenye andiko la mradi. Badala yake waligeuza mradi ufuate mteja, na Machi 2007 huduma ya M-Pesa ikazinduliwa kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania kupitia Vodacom. Leo perege wangapi wa bwawani hulipiwa kwa simu?

Hata mashambani kwetu jambo hili lina historia. Mwaka 2005 ulianza mradi wa First Mile, uliosaidiwa na IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo. Vikundi vya wakulima viliwatuma watu sokoni kuchunguza bei, wanunuzi na ubora unaotakiwa, na kurudisha taarifa, mara nyingi kwa simu. Wachunguzi hao waliitwa mashushushu. Jina lilichekesha lakini kazi ilikuwa ya maana: mtu maalumu, mwenye wajibu wa kuleta habari zikiwa bado mbichi.

CHUO KIFANYE NINI?

Kwanza, chuo kiwe na shushushu wake. Ateuliwe mtumishi mmoja, cheo chake kijulikane, azungukie ofisi ya usajili, uhasibu na mabweni kila Jumatatu akiuliza swali moja: nini kimebadilika? Awe na mamlaka ya kuandika siku hiyo hiyo, na awepo wa pili anayejua neno la siri.

Pili, habari zigawanywe kama samaki. Zipo mbichi: tarehe ya kuripoti, ada, namba za malipo, nafasi za bweni. Hizi zikaguliwe kila wiki, na kila moja iandikwe siku iliyohakikiwa. Zipo kavu: orodha ya kozi na sifa za kujiunga. Hizi zikaguliwe kila kabla ya msimu wa maombi. Historia ya chuo na picha ya mkuu zinaweza kusubiri. Katika vyuo vingi mambo ni kinyume: picha ya mkuu ndiyo hubadilishwa mapema kuliko vyote.

Tatu, kipimo cha kazi kiwe mteja. Mkalishe mzazi mmoja mwenye simu ya kawaida, mwambie atafute jumla ya fedha anazopaswa kuja nazo. Asipoipata kwa dakika tatu, kazi ya wiki ijayo imejulikana.

Mkoa wa Kilimanjaro hauna sababu ya kushindwa. Chuo cha Ushirika Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014, kilishiriki kuwafikia wanaushirika vijijini kwa masomo ya barua na redio miongo mingi kabla ya intaneti. Wazo la kumfuata mwananchi kule aliko lilizaliwa hapa hapa.

Wapo watakaopinga. Watasema vyuo vya umma vina bajeti ya mwaka na sheria za ununuzi, na kwamba mambo kama ada hayawezi kubadilishwa na karani. Ni kweli, na ada iendelee kupitishwa na wenye mamlaka. Tunachosema ni kwamba ikishapitishwa asubuhi, mzazi aione jioni. Wengine watasema wepesi ni jina zuri la kukosa mpango. Onyo hilo nalo lina uzito, kwani tumeona ofisi zinazofanya kikao cha kusimama kila siku na kazi ikabaki imekaa. Duru isiyomaliza kitu kinachoonekana si wepesi, ni porojo.

NENO KWA WAWEKEZAJI

Msomaji mwenye kampuni ndogo, shule au zahanati, naye ana lake la kuchukua. Ukiagiza tovuti, usilipe fedha zote kwa ahadi ya kukabidhiwa kitu kizima baada ya miezi sita. Gawa kazi vipande. Kipande cha kwanza kiwe kile ambacho wateja huulizia zaidi kwa simu. Kikifanya kazi, lipa, kisha agiza cha pili. Mkandarasi akizembea umepoteza kipande kimoja. Dai pia maneno ya siri yote, na jina la tovuti lisajiliwe kwako, si kwake.

Kwa wanunuzi wa hisa, tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze biashara mwaka 1998, tumefundishwa kusoma mahesabu ya kampuni. Ongeza zoezi jingine: fungua tovuti yake, uangalie tarehe ya habari ya mwisho. Kampuni isiyoweza kuondoa tangazo la mkutano uliokwisha pita inakueleza jambo fulani kuhusu uongozi wake. Hilo peke yake si sababu ya kuuza hisa, ila ni sababu ya kuuliza maswali.

Yule mama wa bwawani alirudisha mtaji wake taratibu, na kijana anasoma. Siku hizi, kabla ya kufungua pochi, hupiga simu chuoni na kuuliza tarehe na ada upya, kama anavyouliza bei ya Mbuyuni. Amejifunza kutoiamini tovuti. Chuo kilichotumia fedha kujenga duka kimemfundisha mteja wake kupita nje ya mlango, na hasara hiyo, tofauti na ile ya kwanza, ni ya chuo chenyewe.