Uzushi Kuhusu Kadi ya Daktari

Ukikaa na madereva wa lori Waswahili walioko Marekani, wawe wa Dallas, Minneapolis au Columbus, mazungumzo hayakawii kufika kwenye kadi ya daktari. Huyu kasikia fulani kanyang'anywa leseni kwa sababu ya presha. Yule anajua majani ya kuchemsha yanayoshusha sukari asubuhi ya kupimwa. Mwingine ameelekezwa kwa daktari wa mji wa pili ambaye eti haulizi maswali. Maneno haya yamegeuka mwongozo wa kazi kwa watu wanaolisha familia mbili, moja huko na nyingine Bukavu, Kisumu au Tanga. Mengi yamepitwa na wakati, na baadhi hayakuwa kweli tangu mwanzo.

Msingi wenyewe ni mfupi. Anayeendesha lori la biashara lenye uzito wa zaidi ya pauni 10,000, yaani kama tani 4 na nusu, kutoka jimbo moja hadi jingine, lazima awe na cheti cha afya, ndicho hicho kinachoitwa kadi ya daktari. Cheti hicho hakizidi miezi 24, na mpimaji wa afya anayekitoa anaweza kukitoa kwa muda mfupi zaidi. Masharti huwekwa na FMCSA, shirika la serikali kuu linalosimamia usalama wa malori na mabasi. Sasa tuyachukue maneno ya vijiweni, moja baada ya jingine.

"Ukianza kujidunga insulini, udereva umekwisha."

Hili lilikuwa kweli kwa miaka mingi. Mwenye kisukari anayetumia insulini alizuiwa kabisa kuendesha kati ya majimbo, hadi mwaka 2003 ulipoanza utaratibu wa kuomba msamaha maalumu serikalini, dereva mmoja mmoja, kwa makaratasi na subira ndefu. Utaratibu huo ulibadilishwa. Tangu Novemba 2018 mtumiaji wa insulini haombi msamaha wa mtu yeyote. Daktari anayemtibu kisukari anajaza fomu kwamba dozi yake imetulia na sukari yake inadhibitiwa vizuri. Dereva anapeleka fomu hiyo kwa mpimaji ndani ya siku 45, na akifaulu anapata cheti cha hadi miezi 12. Kinachodaiwa kwake ni rekodi ya kipima sukari, kile kinachohifadhi vipimo chenyewe, ya angalau miezi 3 iliyotangulia. Asiye na rekodi ya kutosha hafukuzwi. Anaweza kupewa cheti kisichozidi miezi 3 ili aikusanye.

Nalikalia jambo hili kwa sababu ndilo linaloumiza watu wetu zaidi. Dereva anaambiwa na daktari wake kwamba vidonge havitoshi tena, naye anakataa sindano ili alinde kazi. Anaendelea na vidonge, ugali wa usiku na soda za vituo vya mafuta, na sukari inabaki juu mwaka hadi mwaka. Sukari ya namna hiyo huharibu mishipa midogo ya nyuma ya jicho. Sasa tazama kanuni inasemaje: mtumiaji wa insulini ambaye uharibifu wa retina yake umefikia hatua kali haruhusiwi kuendesha, na hapo hakuna kurudi, hata sukari ikitulia baadaye. Kwa hiyo anayekimbia insulini ili asipoteze kadi anaifuata njia yenyewe inayoelekea kuipoteza. Jambo jingine analopaswa kulichunga ni sukari kushuka ghafla kiasi cha kupoteza fahamu au kuhitaji kusaidiwa na mtu. Likimpata, anasimama kuendesha hadi daktari wake aithibitishe tena hali yake.

"Jicho moja halitoshi."

Kipimo cha kawaida ni 20/40 kwa kila jicho, kwa miwani au bila miwani. Maana yake ni kwamba herufi ambazo jicho zima huzisoma kutoka futi 40, wewe uzisome ukiwa futi 20. Uwanja wa kuona uwe angalau nyuzi 70 kwa kila jicho, na uzitambue rangi za taa za barabarani: nyekundu, kijani na njano. (Wanaodhani kutofautisha rangi kwa shida kunawaondoa moja kwa moja wamezidisha. Kinachotakiwa ni hizo tatu.) Zamani aliyeshindwa kwa jicho moja alilazimika kuomba msamaha. Kuanzia 22 Machi 2022 kuna kipimo mbadala. Jicho zuri likifikia viwango, upungufu wa jicho la pili ukawa umetulia, na dereva akawa amepata muda wa kutosha kuuzoea, anaweza kupewa cheti cha hadi mwaka mmoja. Anahitaji ripoti ya mtaalamu wa macho, na kwa kawaida mwajiri humpima barabarani kabla ya kumkabidhi mzigo.

Kuhusu miguu na mikono, maneno ni mengi kuliko ukweli. Aliyekatwa mguu chini ya goti, au mkono, anaweza kuomba cheti maalumu cha ustadi kutoka FMCSA. Anapimwa ndani ya lori lenyewe, akiwa na kiungo chake cha bandia na vifaa vyovyote vilivyoongezwa kwenye usukani au pedali, uwanjani kisha barabarani. Cheti hudumu hadi miaka 2. Na aliyepoteza kidole mashineni asihangaike kabla ya wakati. Swali la mpimaji ni kama mkono huo unashika usukani kwa nguvu na kubonyeza swichi bila taabu.

"Kiziwi haendeshi lori." Anaendesha. Kipimo cha kusikia ni cha kizamani kidogo, na kina mvuto wake: unasimama futi 5 kutoka kwa mpimaji, sikio moja limezibwa, naye anatoa pumzi kisha ananong'ona namba, 66, 18, nawe unazirudia. Ukishindwa kwa masikio yote mawili, unapimwa kwa mashine. Kifaa cha masikioni kinaruhusiwa, ila kikishaandikwa kwenye cheti lazima ukivae kila ukiwa barabarani. Asiyesikia kabisa ana mlango wa msamaha, na viziwi wamekuwa wakipewa msamaha huo tangu 2013.

Presha nayo ina hadithi zake, hasa ile ya kwamba ukionekana na 150 umekwisha. Mwongozo ni wa ngazi. Chini ya 140/90 unaweza kupata miaka 2. Kati ya 140 na 159 kwa juu, au 90 na 99 kwa chini, mwaka 1. Ikifika 160 hadi 179, au 100 hadi 109, unapewa miezi 3, mara moja tu, uende ukatibiwe. Ni kuanzia 180/110 ndipo unazuiwa, na zuio hilo linaisha presha ikishuka na dawa zikikukubali. Ukizisoma namba hizi taratibu utaona kwamba sheria inamsukuma dereva kwenye matibabu, ikimwachia usukani wakati anatibiwa. Tusiseme mengi hapa. Vidonge vya presha havina uhasama na leseni.

"Shingo yako ikizidi inchi 17 wanakukata." Hapana. Hakuna kanuni inayotaja mzunguko wa shingo wala uzito wa mwili. Serikali ilianza mwaka 2016 kukusanya maoni juu ya kuweka kanuni ya watu wanaokatika pumzi usingizini, na Agosti 2017 ikaliondoa pendekezo hilo. Kilichobaki ni uamuzi wa mpimaji. Akiona mtu mnene, anayekoroma kwa sauti, mwenye presha isiyoshuka na anayesinzia mchana, ana haki ya kumtaka akapimwe usingizi. Akikutwa na tatizo hupewa mashine ya kusukuma hewa usiku, na akiitumia anaendelea na kazi. Wengi wanaona aibu kulala na barakoa kwenye kitanda cha lori. Mimi naona aibu kubwa iko kwa anayejua kwamba anasinzia katikati ya Nebraska na hasemi.

Yapo madai mengine mawili ya kumaliza haraka. Kwanza, mkojo unaotolewa siku ya uchunguzi wa afya hutazamwa protini, damu, sukari na uzito wa mkojo wenyewe, kwa sababu hayo huonyesha ugonjwa wa figo na kisukari. Kipimo cha dawa za kulevya ni kingine kabisa na kina taratibu zake. Pili, karatasi ya daktari ya kutumia bangi kama tiba, hata katika jimbo ambako bangi ni halali, haimsaidii dereva wa lori chochote. Kanuni za Wizara ya Uchukuzi haziitambui.

Sasa kifafa, ambako maneno ya vijiweni yanakaribia ukweli. Anayesema wenye kifafa wanaonewa ana uchungu wa haki, lakini hoja yake haisimami. Mwenye kifafa anazuiwa. Anaweza kuomba msamaha akiwa amekaa miaka 8 bila kuanguka, awe anatumia dawa au hatumii. Aliyepatwa na degedege mara moja tu bila sababu inayojulikana, miaka 4. Ni muda mrefu na unakata riziki. Ila lori lililojaa huruhusiwa kufika pauni 80,000, zaidi ya tani 36, na sekunde chache za kupoteza fahamu kwa mwendo wa barabara kuu zinatosha kumaliza familia nzima iliyoko kwenye gari la mbele. Hapa sheria ni ngumu, na naiunga mkono.

Dai la mwisho ndilo baya kuliko yote: "Usijaze ugonjwa kwenye fomu. Ukikataliwa, nenda kwa mwingine."

Kutafuta maoni ya mpimaji wa pili hakukatazwi. Kinachokatazwa ni kuficha. Na kuficha kumeshaua watu. Tarehe 9 Mei 1999, Siku ya Akina Mama, basi la kukodi lilitoka nje ya barabara kuu huko New Orleans na abiria 22 wakafa. Dereva alikuwa na ugonjwa mkali wa moyo na wa figo, na mfukoni alikuwa na cheti halali cha afya. Maswali yaliyofuata yalihusu dereva, na yalihusu pia wapimaji: nani aliwafundisha, na nani aliwafuatilia? Mwaka 2005 Bunge la Marekani likaagiza iundwe orodha ya taifa ya wapimaji, na tangu 21 Mei 2014 hakuna cheti kinachokubalika kisipotoka kwa mtu aliyefundishwa, akafanya mtihani na kuandikishwa humo. Anaweza kuwa daktari, muuguzi wa ngazi ya juu au mtaalamu wa kunyoosha mgongo. Cheo si hoja.

Kila uchunguzi, uliofaulu na ulioshindwa, unaripotiwa kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo ukikataliwa Jumatatu Houston na kupasishwa Jumatano San Antonio kwa majibu tofauti, majibu yote mawili yamekaa mahali pamoja. Na ile saini unayoweka chini ya historia yako ya afya ina uzito: taarifa ya uongo inaweza kubatilisha cheti na kukuletea faini. Hapo bado hujagonga mtu. Ukigonga, wanasheria wa upande wa pili watazitafuta rekodi zako za hospitali, na orodha ya dawa ulizokuwa ukichukua duka la dawa itazungumza kuliko wewe.

Kuna dai moja ninalolikubali: kampuni inaweza kukukataa hata ukiwa na cheti. Kanuni zinamruhusu mwajiri kuweka masharti makali zaidi, ingawa sheria ya haki za wenye ulemavu inambana asibague ovyo. Mahakama Kuu ya Marekani ililigusa jambo hili Juni 1999 katika kesi ya Albertson's dhidi ya Kirkingburg, dereva wa Oregon ambaye jicho lake moja lilikuwa na nuru hafifu. Alifukuzwa, akapata msamaha wa serikali, akarudi kuomba kazi, akakataliwa. Majaji wote walikubaliana kwamba mwajiri hakulazimika kuukubali msamaha ule na alikuwa na haki ya kushikilia kipimo cha msingi. Kwa maoni yangu, kanuni ya 2022 imemwachia mwajiri wa leo nafasi finyu ya kujificha nyuma ya hukumu hiyo, maana dereva wa jicho moja sasa hubeba kipimo kilichomo ndani ya kanuni zenyewe. Asiyeajiriwa kwa sababu hiyo azungumze na mwanasheria kabla ya kukata tamaa.

Tangu 23 Juni 2025 mpango wa serikali ni kwamba matokeo ya mwenye CDL, yaani leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara, yapite kwa mtandao kutoka kwa mpimaji hadi kwenye rekodi ya leseni katika jimbo lake. Cheti kikiisha bila kufanywa upya, jimbo hushusha hadhi ya leseni, na kuirudisha ni usumbufu wa siku nyingi bila mshahara. Kwa hiyo, ndugu dereva, kama chako kinaisha mwezi ujao, panga miadi wiki hii. Nenda na miwani yako au vifaa vya masikio, orodha ya dawa na dozi zake, rekodi ya kipima sukari na barua ya daktari wako wa moyo kama unaye. Kiingereza kikikusumbua, omba mkalimani mapema, na kila swali la fomu lijibiwe kweli.