Mnunuzi wa kweli hakuombi nauli

Hivi ni nani aliyewaambia Watanzania kwamba kila sarafu ya mkoloni ni utajiri? Nauliza kwa sababu tangu washikaji wajue kuwa nakusanya sarafu za kale, simu yangu haipumziki. Huyu yuko Mbagala, ana "shilingi ya Malkia". Yule yuko Manzese, kaka yake alikuwa anachimba shimo la choo, kaokota "hela ya Mjerumani". Swali lao ni moja: shilingi ngapi? Hakuna anayeanza kwa kuuliza: hiki nilichoshika ni nini?

Mimi nasema anayeruka swali hilo ndiye anayelizwa. Na wanaolizwa wengi si wajinga wala si wenye tamaa kuliko wewe na mimi. Hawajafundishwa kusoma sarafu, basi.

Chukua senti kumi ya mwaka 1936, ile ya shaba yenye tundu katikati na pembe za ndovu. Nyingine zimeandikwa EDWARDVS VIII. Huyo ni Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza aliyekaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936 ili amuoe mwanamke wa Kimarekani. Sarafu za dhahabu zilizofuliwa kwa majaribio zikiwa na sura yake hazikuingia mitaani. Zimebaki chache mno, na Januari 2020 moja ilinunuliwa kwa pauni milioni moja.

Sasa habari kama hiyo ikitua Tandika, mtu anafungua kopo la bibi, anasoma EDWARDVS VIII, presha inapanda. Kumbe senti zetu za tundu hazikuhitaji sura ya mfalme, zilihitaji jina tu, hivyo zilifuliwa kwa wingi na zikatumika madukani. Jina ni lile lile, mfalme ni yule yule, lakini ya kwetu mara nyingi bei yake ni ya soda chache.

Hebu tusome pamoja. Mwaka 1919 iliundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London. Mwaka 1920 ikaja florini, haikudumu, ikafuatiwa na shilingi zenye tarehe kuanzia 1921: mbele mfalme mwenye taji, nyuma simba na milima. Za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha. Shilingi moja ina uzito wa gramu 7.8 hivi, kwa hiyo fedha iliyomo haifiki gramu mbili. Kuanzia 1948 fedha ikaondolewa kabisa, ikawa shaba na nikeli. Mwaka huo huo maneno IND IMP, yaani mfalme wa India, yakatoweka kwenye shilingi, maana India ilishajitawala 1947. Unaona? Historia ya dola nzima imo kwenye herufi sita.

Na ile "shilingi ya Malkia" ya Mbagala? Elizabeth yuko kwenye senti 50, nusu shilingi. Shilingi nzima ya mwisho ya bodi ni ya 1952 na ina jina la baba yake. Akija mtu na shilingi ya Afrika Mashariki yenye kichwa cha Malkia, mpe kiti, mpe maji, usimpe pesa.

Tafuta pia herufi ndogo ya kiwanda. H ni Heaton na KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham. Sarafu mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana bei kwa sababu ya herufi hiyo tu.

Baada ya kuitambua, ipime daraja. Waingereza wanatumia herufi. F ni iliyotumika sana, lakini maandishi yanasomeka. VF imechakaa kiasi, manyoya ya simba bado unayaona. EF imeguswa kidogo tu sehemu zilizoinuka, kama taji la mfalme. UNC haijawahi kuingia sokoni. Shilingi zilizopita Kariakoo, zikapanda treni hadi Kigoma na kurudi, nyingi hazifiki hata F. Tusijidanganye. Umri peke yake hauleti bei. Ziliyofuliwa kwa mamilioni haigeuki adimu kwa sababu babu alikuwa nayo.

Halafu, jamani, acheni kusugua! Ndimu, majivu, ukwaju, dawa ya meno, vyote vinakwangua uso wa sarafu. Mkusanyaji akiona mng'ao ule wa sufuria anajua imeharibiwa, anashusha bei au anaondoka. Iache na weusi wake. Ishike kwenye ukingo, iweke kwenye karatasi kavu, itoe nje ya kopo la misumari.

Kipimo kingine cha bure ni sumaku. Fedha, shaba, na mchanganyiko wa shaba na nikeli havinasi. "Shilingi ya fedha" ikinasa, umeuziwa chuma.

Nakuja kwenye kilichonifanya niandike. Mzee mmoja wa Temeke alinifuata na shilingi nne za simba, mbili za 1924 na mbili za 1952. Nikamwamkia, tukakaa. Akaniambia kuna dalali amempatia mnunuzi Mzungu, yuko njiani, bei ni milioni arobaini. Ila kwanza achangie "dawa ya kupimia", halafu nauli, halafu chumba cha hoteli. Alikuwa ameshatoa laki sita, na alikuwa anafikiria kuuza cherehani ya mkewe amalizie. "Mwanangu, nikiacha sasa si nitakuwa nimezitupa zile laki sita?"

Hapo ndipo dalali anapokaa, kwenye hiyo laki sita iliyokwisha kwenda. Nilimwonyesha mwaka, nikamwonyesha kwamba mbili hazina hata chembe ya fedha. Hakunishukuru. Aliniangalia kama mtu aliyempokonya kitu. Lakini cherehani haikuuzwa.

Sheria yangu ni fupi: mnunuzi wa kweli anakupa pesa, hakuombi pesa. Ukitaka kuuza, piga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa mchana, pima uzito kwa sonara, taja mwaka na herufi ya kiwanda. Ukitafuta bei, angalia zilizouzwa kweli kwenye minada. Bei anayoomba mtu ni ndoto yake, si bei ya soko.

Sikatai, zipo za thamani kubwa. Rupia 15 za dhahabu zenye ndovu, zilizofuliwa na Wajerumani Tabora mwaka 1916 vita ikiwa imewabana, zilikuwa kama elfu 16 tu na leo zinauzwa kwa maelfu ya dola. Lakini za kuigiza nazo zimejaa. Na zipo zisizo za kuuza kabisa. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, ambazo mwaka 1944 zilikutwa hadi visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, ni urithi wetu sote. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kabla ya 1863, na kuvichimba au kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Ukiokota, nenda Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert.

Zilizobaki, zile za soda chache, mimi ningeshauri uzihifadhi. Neno "hela" unalolitamka kila siku limetokana na heller ya Mjerumani, senti iliyoanza hapa mwaka 1904. Mabwana wale wameondoka, sarafu zao hazinunui hata kiberiti, lakini jina bado liko mdomoni mwetu. Kaa na babu au bibi wakati bado yupo, muulize shilingi ile ya simba ilinunua nini, aliipata kwa kazi gani, uyaandike majibu kwenye kikaratasi na uyaweke pamoja nayo. Hakuna dalali atakayekuja kukulaghai kwa ajili ya kikaratasi hicho.